Paja la Idwal na Joka la Sehemu ya Pili

Saa tisa na robo alasiri, watu watano walikuwa wameshavaa makoti ili watoke ukumbini filamu ikiendelea. Filamu ya kwanza ya Mfalme Arthur, iliyopigwa kijijini kwao Wales, iliwatoa machozi. Hii ya pili ilikuwa na upanga unaoongea. Lakini Emrys, katibu wa ukumbi, alikuwa ameigiza askari humo, na alikuwa bado hajatokea kwenye skrini. Akainua ndoo ya tiketi za bahati nasibu.

"Lile paja la nguruwe alilotuchangia Idwal wa bucha litashindaniwa filamu ikiisha."

Makoti yakavuliwa. Katika ukumbi ule hakuna aliyewahi kuondoka kabla ya bahati nasibu.

"Umetuteka nyara, Emrys," alisema Bi Nerys, jirani yake.

Saa kumi kasorobo, kwenye skrini, askari mmoja akaanguka mtoni.

"Mimi huyo," alisema Emrys.

"Huyo ni mimi, bwana," alisema Idwal. "Wewe ulisimama pale walipokuja kuweka joka kwa kompyuta, likakufunika."

Emrys alitazama. Joka halikusogea mpaka tukio likaisha.

"Basi tumeliona joka lako," alisema Bi Nerys. "Vuta tiketi."

Filamu ilipokwisha, Emrys akavuta. Tiketi ilikuwa ya Idwal; paja likarudi kwake.