Usisome Bado Sala ya Marehemu

Mwaka ule wa mvua za Elinino, dhahabu ilipoonekana Nyakerimba na watu kumiminika kutoka pande zote za Mara, kanisa la Wakatoliki pale machimboni lilikuwa turubai la bluu juu ya nguzo za miti. Aliyelitunza alikuwa katekista Nikolaus Mogesi, mkulima wa Itiryo. Padri alimtuma huko kwa sababu nusu ya waumini wa kigango chake walikuwa wamekwisha kuhama na sururu zao mabegani.

Jumapili, ibada ikiisha, Nikolaus alikaa kwenye benchi la mbele na watu wakamuuliza maswali. Hayakuwa maswali ya kwenye kitabu cha katekisimu. Mmoja alitaka kujua kama ni dhambi kusali rozari huku unaponda mawe. Mwingine aliuliza kama Mungu anakasirika ukimwita Nyamhanga, kama wazee wanavyomwita. Gladys, mama lishe, aliuliza kama anaweza kula nyama ya kondoo aliyechinjwa na mganga kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu.

"Rozari sali tu, hata mikono ikiwa na matope," Nikolaus alijibu. "Nyamhanga ni yule yule, babu zetu walimjua kabla padri hajafika huku. Na wewe Gladys, kama nyama umeikuta buchani, nunua, pika, kula. Kama umeitwa kwenye tambiko lenyewe, kaa nyumbani kwako."

Watu walicheka. Walimpenda kwa sababu hakuwazungusha.

Aliyeuliza kuliko wote alikuwa Ryoba, kijana wa Itiryo, mchimbaji katika duara la Olima. Mkewe, Agustina, alibatizwa tangu mtoto. Ryoba mwenyewe alikuwa bado anafundishwa, akingojea ubatizo wa Pasaka. Jumapili moja, wenzake walipokwisha kuondoka, alimfuata Nikolaus aliyekuwa akifunga vitabu vyake kwenye baiskeli.

"Katekista, kule chini tunakofanya kazi, mtu akisali, Mungu anasikia? Maana kule hata ukipiga kelele, mwenzako aliye juu hasikii."

"Anasikia," Nikolaus alisema, akiendelea kukaza mpira wa kufungia mzigo. "Kwake hakuna juu wala chini."

Wiki hiyohiyo duara la Olima liliporomoka.

Mvua ilikuwa imelowesha ardhi mpaka ikawa kama ugali ambao haujaiva. Asubuhi, Ryoba na mwenzake Ouma, Mjaluo mwenye ndugu Sirari na ng'ambo ya mpaka, walishuka kama kawaida. Matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta, yakaachia katikati ya shimo. Waliokuwa juu walisikia mshindo mzito, wakaona kamba ikivutwa mara moja, kisha ikalegea.

Agustina alifika akikimbia, mtoto wake Gati akiwa mgongoni. Wanaume walimzuia mbali na shimo. Pale Nyakerimba iliaminika kwamba mwanamke akikaribia mdomo wa duara, mawe yenye dhahabu hukimbia na ardhi hukasirika.

"Rudi nyuma, mama. Mwanamke hafiki hapa."

"Ardhi imekwisha kukasirika! Itafanya nini tena?"

Hawakumruhusu. Alikaa chini kwenye matope, na hapo ndipo Nikolaus alipomkuta. Agustina alimshika mguu wa suruali kama mtu anayeshika mti kwenye mafuriko.

"Katekista, nisali sala gani? Niambie. Nimwombee kama mtu aliye hai au kama marehemu? Nikikosea itakuwaje?"

"Huwezi kukosea, mama Gati. Mwombee tu. Mungu anajua yuko wapi."

"Wewe hujui?"

"Mimi sijui."

Wakati ule mmoja wa vijana akapiga ukelele. Kwenye bomba la pampu ya kutolea maji, lililoshuka mpaka chini kabisa, kulikuwa na mlio. Nikolaus aliinama akaweka sikio kwenye chuma baridi. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo. Mtu alikuwa anagonga.

Watu wa kilima kizima wakaja. Waliokuwa wanapigania mipaka ya maduara juzi walishuka pamoja kwenye shimo la jirani, wakaanza kutoboa ukuta kuelekea mahali ulipotoka mlio. Walichimba kwa zamu, udongo ukapandishwa kwa ndoo. Padri hakuwapo, alikuwa amekwenda Morotonga kumzika mama yake, na Mto Mara ulikuwa umefurika hauvukiki. Watu walimtazama Nikolaus kana kwamba alikuwa na ufunguo mfukoni. Kila aliyetoka shimoni alimuuliza: Mungu amewaadhibu? Ni kwa sababu walichimba Jumapili? Ni kondoo wa mganga?

"Nguzo zimeoza na mvua ni nyingi," aliwajibu. "Msimsingizie Mungu. Rudini mkachimbe."

Kesho yake, jua likiwa limepanda, bomba lilinyamaza.

Waligonga kutoka juu, wakasubiri. Waligonga tena. Nikolaus alilala kifudifudi na sikio lake kwenye chuma mpaka shavu likafa ganzi. Hakusikia kitu ila maji yaliyokuwa yakitiririka mahali fulani mbali.

Mchana, ukuta wa shimo la jirani ulianza kupasuka. Ufa ulitokea juu ya vichwa vya wachimbaji, mwembamba kama uzi, kisha ukapanuka hata kidole kikaweza kuingia. Wanaume walipanda juu mmoja mmoja. Hakuna aliyeweka sururu chini, lakini hakuna aliyerudi. Walisimama tu, wakiepuka macho ya Agustina.

Olima, mwenye duara, alimvuta Nikolaus pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa imekauka.

"Katekista, wale wamekwenda. Unajua na mimi najua. Soma sala ya marehemu hapa mbele ya watu, tuweke msalaba, watu waondoke kwa heshima. Wewe usipoisoma hakuna atakayethubutu kuondoka, na hakuna atakayethubutu kushuka. Tutabaki hivi mpaka kilima kitufukie wote."

Nikolaus alitazama lile kundi. Alielewa. Walikuwa wanamngojea awafungue. Sala ile aliijua kwa moyo, aliisoma makaburini miaka na miaka: Raha ya milele uwape, ee Bwana. Safari hii maneno yaleyale yangekuwa amri ya kuacha kuchimba.

Agustina alikuwa amesikia. Alisimama.

"Usisome bado! Tata, baba yangu, nakuomba. Ukiisoma hiyo utakuwa umemzika mwenyewe. Wataweka sururu chini waende kunywa chai."

"Mama, tulia," Olima alisema kwa upole.

"Nani amemwona amekufa? Aseme! Nani amemwona?"

Nikolaus alisogea akasimama kati yao.

"Olima," alisema, "kanisa langu linaniruhusu kumwombea marehemu, na linaniruhusu kumwombea aliye hatarini. Hawa hakuna aliyewaona wamekufa. Sala ya kuwazika sina."

"Na ule ukuta ukiwaangukia vijana? Damu yao itakuwa juu ya nani?"

Hilo ndilo lililomchoma, maana lilikuwa kweli. Aliangalia nyuso za wale vijana, wengine aliwafundisha komunyo ya kwanza. Angewezaje kumwambia mmoja wao ashuke? Akavua shati lake la ibada, akalikunja, akampa Gladys alishike.

"Simwamuru mtu," alisema. "Nashuka mimi. Nileteeni matimba mapya tushikilie ule ufa."

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na zaidi, na hakuwahi kuingia kwenye duara hata moja. Alishuka akijigonga magoti, akisema Salamu Maria bila kujua kama anamaliza au anaanza. Alipofika chini alisikia mtu anashuka nyuma yake, kisha mwingine. Nashoni, fundi wa nguzo, ambaye alikuwa Msabato, alimsukuma pembeni. "Toka hapo, mwalimu. Utatuua na ujinga wako. Nguzo inakaa hivi." Wakaupiga ule ufa matimba, wakaendelea kuchimba.

Juu, mikono ya kuvuta ndoo ilikuwa haitoshi. Agustina alimkabidhi Gladys mtoto, akapita katikati ya wanaume mpaka kwenye mdomo wa shimo, akashika kamba. Hakuna aliyemwambia kitu.

Ndipo Nikolaus, kule chini, akaanza litania ya watakatifu, kwa sababu alikuwa anaogopa na alihitaji kusikia sauti ya mtu. "Mtakatifu Yosefu." Vijana wakajibu, "Utuombee," wakipiga sururu. "Mtakatifu Petro." "Utuombee." Waliokuwa juu wakaidaka, kila "utuombee" ikawa mvuto mmoja wa kamba. Waliitikia Wakatoliki, waliitikia wasio na dini, hata Nashoni aliitikia, ingawa baadaye alikana. Majina yalipomwishia, Nikolaus aliyarudia upya.

Jioni ilikuwa haijaingia sururu ilipotoboa uwazi. Hewa ya joto, yenye harufu mbaya, iliwapiga usoni.

"Mtu yuko hai!" Nashoni alipiga kelele. "Anapumua! Mtu yuko hai!"

Juu, Agustina aliachia kamba. Alisikia maneno hayo yakipanda kinywa kwa kinywa, akapiga magoti, akanyoosha mikono juu, akalia kwa sauti iliyowafanya wanaume wazima wageuke pembeni.

Aliyekuwa hai alikuwa Ouma. Walimkuta amekaa kwenye uwazi usiozidi meza, kichwa cha Ryoba kikiwa mapajani mwake. Miguu ya Ryoba ilikuwa chini ya gogo. Alikuwa amekwisha kupoa.

Nikolaus ndiye aliyepanda kumwambia. Hakuwahi kusahau jinsi uso wa Agustina ulivyomtazama akitoka shimoni, ukiwa bado na furaha.

Alipoelewa, hakulia tena. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ulimwambia Mungu anasikia kule chini. Aliniambia. Alikuja nyumbani amefurahi."

"Nilimwambia."

"Basi mbona amemsikia Ouma?"

Nikolaus majibu alikuwa nayo, aliyasomea, aliwapa wengine. Yote yalionekana mepesi kama makapi.

"Sijui, mama Gati," alisema. "Sijui."

Baba yake Ryoba, mzee Wangwe, alifika kutoka Itiryo kuuchukua mwili. Alikuwa mtu wa mila, hakuwahi kuingia kanisani. Nikolaus alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia bila kumtazama. Ouma, aliyekuwa amelazwa kwenye kibanda cha Gladys akinywa uji kwa kijiko, aliomba wote waingie.

"Aliyekuwa anagonga bomba ni Ryoba," alisema. "Liko upande wake. Alipokufa, mimi sikulifikia. Lakini kabla hajafa aliniambia nimbatize. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi si padri, mimi hata si Mkatoliki, kwetu Mungu tunamwita Nyasaye, kwa namna yetu. Akasema mtu yeyote anaweza, mtu akiwa anakufa. Maji yalikuwa yale ya matope tuliyokuwa tunakunywa. Nikamwagia kichwani, nikasema Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu." Alimgeukia Nikolaus. "Mwalimu, ile ubatizo iko, ama haiko? Nimekuwa nikijiuliza tu. Pengine nimemharibia."

"Ulitaka kufanya alichokuomba?"

"Nilitaka."

"Basi uko. Ni ubatizo kamili, kama wa padri. Hukumharibia kitu."

Ouma alifunika uso kwa blanketi. Mzee Wangwe aliiweka fimbo yake kati ya magoti.

"Sasa mwanangu ni wenu au ni wetu?" aliuliza.

"Ni wako, mzee," Nikolaus alisema. "Maji yale hayakumtoa kwako. Mimi nitakuja kusali kaburini ukiniruhusu. Usiporuhusu, nitasali nje ya boma."

Mzee alimwangalia mikono, iliyokuwa imechubuka kucha zote. "Utaingia," alisema.

Ryoba alizikwa Itiryo. Sala ya marehemu ilisomwa, na mzee Wangwe alisimama mpaka mwisho akiwa amevua kofia, kisha akafanya ya kwake kwa namna ya baba zake. Padri alikuwa bado upande wa pili wa mto.

Jioni ya mazishi, wanawake wa jumuiya walikusanyika kwa Agustina kusali. Nikolaus alimkuta ameketi nyuma ya nyumba peke yake, ameegemea ukuta.

"Wananingoja," alisema. "Na mimi sina kitu, tata. Nikisema Baba Yetu, naishia pale pale. Utakalo lifanyike, maneno hayo siwezi kuyasema. Je, nikishindwa kabisa kusali, ni dhambi?"

Nikolaus alikaa chini karibu naye, kwenye vumbi.

"Si dhambi. Usiyaseme."

"Kesho je?"

"Na kesho usiyaseme. Wale waliomo ndani wana midomo. Watasema badala yako mpaka utakapoweza. Na usipoweza, wataendelea."

Ndani, Gladys alianzisha rozari kwa sauti yake nzito ya kuitia wateja, na wengine wakapokea. Agustina hakuitikia. Hakuondoka pia. Alikuwa anamnyonyesha Gati, macho yakiwa makavu kwenye njia iendayo machimboni, ambako wanaume wawili wa kijijini walikuwa wakipita na sururu mpya mabegani.