Deni Lisilokuwa la Anselme

Bi Ermance Lecordier alipoingia katika jumba la dhamana la soko la kahawa, pale Le Havre, alimkuta Clotilde, mke wa Anselme, ameketi kwenye benchi karibu na mlango. Alimpita kama anayepita nguzo.

Mwezi wa Julai Ermance alimwuzia Anselme magunia mia mbili ya kahawa, bei ikapangwa siku ileile, mzigo ukabidhiwe Desemba. Sasa Desemba imefika, bei imeporomoka, na Anselme ametorokea Antwerp. Bila fedha zile, benki ingemtoa Ermance nyumbani kwake.

"Niambie nimepoteza kiasi gani," alimwambia karani, mzee Prosper. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mzee Prosper alifunga kwanza dirisha lililokuwa likimpuliza shingoni.

"Kahawa ulimwuzia nani, mama?"

"Si ni Anselme! Mji mzima wajua."

"Mlipopatana, ndiyo. Mlipoleta mkataba hapa tukaupiga mhuri, uligeuka miwili. Wewe ukatuuzia sisi, Anselme akanunua kwetu. Miaka yote hii hujasoma karatasi zako?"

"Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akisoma. Mimi kazi yangu kuonja kahawa."

"Basi wewe mwonjaji, kesho lete hati za ghala za mzigo wako, uchukue faranga zako kwa bei ya Julai."

"Mtazitoa wapi?"

"Kila bei iliposhuka, Anselme alituletea amana ya kuziba pengo asubuhi yake. Alileta mpaka juzi. Kilichopungua ni hasara yetu, na akiba ya siku kama hii ipo."

"Yaani Anselme hana deni langu?"

"Hata senti."

Ermance alijifuta macho kwa ncha ya shali. Kisha akauliza polepole, "Na yule pale?"

"Ameleta pete zake, eti zifidie. Nimemwambia yeye hadaiwi. Ameketi tangu saa mbili, anaogopa macho ya watu. Nimempa chai, hajainywa."

Ermance akaenda akaketi kando yake, bega kwa bega.

"Fedha zako, Ermance..."

"Zangu zipo. Nimekupita mlangoni kama sikujui. Nisamehe, shoga."

Clotilde akaanza kulia. Ermance alimvisha pete moja moja, akichelewa kwenye kidole chenye yabisi.

"Watatuona pamoja."

"Na watuone. Nishike mkono, ngazi zina barafu."

Mzee Prosper alikuwa ameshatangulia kuwashikia mlango.