Mbuzi Kumi na Mmoja wa Ciakuthii

Kila asubuhi Ciakuthii humnywesha mjukuu wake uji kwa kijiko, polepole, maana mtoto huchoka kabla ya kushiba. Wiki iliyopita muuguzi alimpima mkono kwa utepe, kipimo kikaangukia kwenye rangi nyekundu, ya utapiamlo mkali. Asubuhi moja baada ya hapo walikuwa kwenye kijiko cha nne mbuzi alipoingia jikoni.

Nyuma yake alikuja jirani, Nelius, na kamba mkononi.

"Mama, niwekee huyu mpaka jioni. Watu wa unga wa lishe wanapita leo. Wakikuta mbuzi zaidi ya watano, unaandikwa tajiri. Mimi niko na sita."

"Na mimi je?"

"Wewe? Wewe hata wakikuona kutoka barabarani watalia. Utapata tu."

Ciakuthii akasema sawa. Alikuwa mtu wa kusema sawa. Akaja wa pili, wa tatu na wa nne, kila mmoja na mbuzi wake wa ziada. Mwisho akaja Mithika, mzee wa kijiji, aliyetangaza kanisani kwamba atakayedanganya atashtakiwa. Yeye alileta saba.

Saa sita Mithika alimleta karani wa mpango, Winfred, msichana mpole mwenye fomu ndani ya simu. Majirani walifuata wakiwa na nguo zao zenye matundu mengi zaidi. Winfred alikuwa amechanganyikiwa kidogo: hajawahi kuona kijiji ambacho karibu kila nyumba ina mbuzi watano kamili.

Kwa Ciakuthii alihesabu mara mbili. Mmoja alikuwa chooni.

"Shosho, uko na mbuzi kumi na mmoja?"

"Wamekuja tu, madam."

Winfred akageukia umati. "Kuna mwenye mbuzi hapa? Aseme, nimwandikie."

Mithika akatazama mawingu. Mbuzi wa Nelius akamkimbilia mwenyewe na kuanza kumlamba mkono, kama kila siku.

"Shh! Mbuzi ya watu, toka!" Nelius akamfukuza.

"Basi ni wa shosho," Winfred akasema kwa unyonge. "Fomu haiulizi ni wa nani. Inauliza wako wangapi bomani." Akabonyeza. Simu ikajibu: Familia inajiweza. "Nikituma hivi, imeisha."

"Pole sana, mama," Mithika akasema kwa huruma nyingi. "Simu haina roho."

Ciakuthii alimtazama mtoto aliyesinzia kitini. Kisha akafungua kamba ya beberu mkubwa kuliko wote na kuelekea njiani.

"Mama, unaenda wapi na hiyo?" Mithika akauliza.

"Soko ya Kianjai. Niuze, ninunue maziwa na mayai. Kesho nirudi kwa hii ingine."

"Mbuzi ya nani?"

"Yangu. Si nimeandikwa?"

Mithika akacheka, peke yake. "Wacha mchezo. Unajua vile nilimaanisha asubuhi."

"Sijui, mzee. Sema."

Kidole cha Winfred kilikuwa bado juu ya simu. Beberu alikuwa ameshafika kwenye ua, akifuata kamba bila ubishi.

"Ni yangu!" Mithika akapiga kelele. "Hiyo na zile zingine sita! Nilitaka unga, na nilitaka mbuzi pia!"