Gari Lililozimia Kila Besi Ilipoingia

"Kwanza taa zinapumua," Bhele alisema.

Lungelwa alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili mlangoni mwa kontena lake la kijani, lile alimofanyia kazi ya umeme wa magari. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, majira ya baridi, na ukungu uliopanda kutoka mtoni ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya mtaa wetu wa Mdantsane, nyumba zikionekana nusu nusu.

"Zinapumuaje, tata?" aliuliza, akimwita baba kwa lugha ya kwetu.

"Besi ya muziki ikiingia zinafifia, ikitoka zinawaka. Kama mtu aliyelala usingizi. Halafu amplifaya inakata. Kimya."

Jina lake hasa lilikuwa Mbuyiselo, lakini sisi majirani tulimwita Bhele, kwa ukoo wake, kama ilivyo heshima. Alikuwa ameendesha basi miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Gari lake jekundu alikuwa amelitoa viti vya nyuma, akapanga spika nne pana kama masufuria ya harusini. Wenye magari ya namna hiyo kwetu hawahesabiki, kila mwisho wa wiki madirisha yanatetemeka. Kilichowachekesha watu ni kwamba MaTolo, mke wake, alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na mazoezi hayakuanza mpaka afike. Miaka mitatu nyuma akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Ilimwachia uhai, ikaondoka na masikio.

"Bhele!" vijana walikuwa wakimpigia kelele. "Ukimaliza kumnunulia kiziwi spika, mnunulie kipofu televisheni!"

"Nitampelekea mkeo," alimjibu mmoja wao siku moja. "Angekuwa anaona asingekuchukua."

Lakini gari lenyewe lilimshinda. Fundi wa kwanza alimwambia betri ni ndogo, akaweka kubwa. Wa pili akaongeza betri nyingine. Wa tatu akafunga kopo linene la kuhifadhi umeme, lenye taa za bluu. Besi ikiingia, gari likazimia vilevile.

"Limelishwa mpaka limevimbiwa," Lungelwa alisema akichungulia chini ya boneti, "na bado lina njaa. Liwashe."

Alitoa mita yake ya kupimia umeme. Injini ikinguruma, betri zilionyesha volti kumi na nne na kidogo. Bhele akaweka wimbo. Besi iliposhuka, Lungelwa akapima tena mbele: karibu kumi na nne, haikutikisika sana. Akapima nyuma, kwenye amplifaya: kumi, tisa na nusu, kimya.

"Umeme uko nyumbani," alisema taratibu, kana kwamba anajisemea. "Haufiki tu."

Alifuata waya mwekundu mnene kutoka mbele hadi nyuma, mita ikiwa imegusa ncha zake mbili. Haukupoteza kitu. "Basi tatizo ni kurudi. Umeme ukienda lazima urudi, na unarudi kwa bodi ya gari." Nyuma, waya mweusi wa amplifaya ulikuwa umefungwa kwa bolti juu ya rangi. Akaifungua, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Wakajaribu. Safari hii besi ilidumu mapigo sita, taa zikavuta pumzi ndefu, na gari likanyamaza tena.

Bhele alikaa kwenye tairi kuukuu, akavua kofia. "Labda wanaonicheka wana haki, mwanangu."

Muda wote huo MaTolo alikuwa amekaa kiti cha mbele, blanketi mabegani, akiangalia ukungu unavyochanika. Sasa alishuka. Alimwashiria mumewe arudishe wimbo, sauti ya chini isiyolizimisha gari, akaweka kiganja juu ya paa. Akakiteremsha polepole kwenye mlango, kwenye ubavu, akielekea mbele, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Wimbo ulikuwa ukipita chini ya mkono wake na uso wake ulikuwa mbali, mahali ambapo sisi hatukuwepo. Akaingiza vidole pembeni ya sinia la betri, chini kabisa. Akavitoa haraka.

"Hapa!" Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyojua. "Panachoma. Kwingine kote baridi."

Lungelwa alizima injini, akafungua kwanza waya wa hasi, akang'oa betri na sinia lake. Chini, mahali mchana haukuwahi kufika, ulikuwapo utepe mwembamba wa waya, ule uliokuja na gari toka kiwandani, ukiunganisha bodi na betri. Nusu ya nyuzi zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Zilizobaki zilikuwa nyeusi kwa joto.

"Mita ingenifikisha hapa," Lungelwa alituambia baadaye, "ila mkono wa mama ulitangulia." Siku ile alimgeukia MaTolo, akasema polepole ili midomo isomeke: "Nyuma wameweka barabara. Mbele wakauachia umeme kichochoro."

MaTolo alicheka. Bhele alimtazama kwa mshangao. Kicheko hicho hakikuwa kimesikika siku nyingi.

Lungelwa alikata waya mpya, mnene kama kidole gumba, kutoka betri hadi bodi, mwingine kutoka bodi hadi injini, akikwangua chuma kila mahali. Walikula magwinya, yale maandazi ya kwetu, yakiwa moto, wakiwa wamesimama. Kisha Bhele akawasha, akapandisha sauti mpaka mwisho.

Besi iliingia, na taa hazikufifia. Mabati ya kontena yaliitikia. Maji kwenye beseni yalijichora duara ndani ya duara, matone ya ukungu yakaachia kamba ya nguo yote kwa pamoja, na sisi tuliokuwa uani tulihisi kifua kinafunguliwa kutoka ndani. MaTolo alilaza shavu na viganja vyake juu ya paa jekundu, akafumba macho. Alikaa hivyo wimbo mzima. Wimbo ulipoanza upya alifungua mdomo, akaanza sauti ya pili, nyuma kidogo ya mapigo, chini kidogo ya ilipotakiwa, lakini ilikuwa yenyewe. Mmoja wa vijana waliokuwa wakimcheka mumewe alisimama mlangoni mwa ua na kofia mkononi.

Bhele alikuwa analia bila kujificha. MaTolo alifumbua macho, akamwona.

"Bhele!" alipaza sauti juu ya muziki. "Weka mwingine! Huu sikuupenda hata nilipokuwa nasikia!"

Mwezi uliofuata Lungelwa alimwomba aje kufanya naye kazi. MaTolo alimjibu kwamba atakuja siku zote isipokuwa Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ana mazoezi. Bhele analiegesha gari ukutani kwa kanisa, kwaya inaimba ndani, na kipaza sauti chao kimeunganishwa na spika zile nne. MaTolo anaimba akiwa uani, mkono juu ya paa.