Samaki wa Bi Nyamizi

Jana mchana, akiwa ameegemea kitanda cha mama yake, Kalunde alipitiwa na usingizi, akaota.

Mama yake, Bi Nyamizi, alipooza upande mmoja wakati wa masika, na tangu hapo hakutamka neno. Alitazama ukuta tu. Nesi alishauri awekewe kitu chenye uhai cha kutazama. Kalunde akatafuta tangi la kioo la lita kumi, dogo kama ndoo ndogo ya maji, akalijaza maji, akaliweka karibu na kitanda. Kilichobaki ni kuchagua samaki.

Katika ndoto yuko dukani, mjini Tabora. Duka halina muuzaji. Samaki ndio wanaomkagua mteja.

"Tangi lako lita ngapi?" akauliza samaki wa dhahabu, kwa sauti ya karani.

"Kumi."

"Mimi ni mdogo leo tu, mama." Akaanza kukua papo hapo, taratibu, kama unga unaoumuka. Kalunde alipokimbilia mlangoni, mkia ulikuwa umeshavuka barabara. "Umeona? Ungenifunga jela."

"Nimeona. Unisamehe."

"Hamna neno."

Likaja kundi la visamaki vyenye mstari wa buluu. "Sisi ni mmoja," wakasema kwa pamoja, "na huyo mmoja ni ishirini. Ukimchukua peke yake, atasahau jina lake."

Kalunde anageuka atoke, na duka halipo. Yuko ndani ya tangi lake mwenyewe. Changarawe ni kubwa kama nyumba. Anatembea, anatembea, hafiki kwenye kioo. Lita kumi hazina mwisho! Na ng'ambo ya kioo, mbali sana, uso wa mama yake umesimama kama mlima, umegeukia ukutani.

Ndipo akashuka samaki mpiganaji, mwekundu. Alifungua mapezi yake moja baada ya jingine, kama mtu anayetandaza khanga zisizoisha, hata maji yote yakawa mekundu. Kalunde akarudi nyuma hatua moja. Hakuwahi kujua kitu kidogo kinaweza kuwa kikubwa hivyo.

"Nani atanitazama?"

"Mama yangu," akajibu kwa kunong'ona.

"Anapenda ugomvi?"

"Alikuwa anapenda mno."

"Vizuri. Mimi naishi peke yangu, sitaki mwenzangu. Hilo sharti la kwanza."

"Na la pili?"

"La pili nitamwambia mwenyewe." Akapenya kioo kana kwamba ni ukungu, akaelekea mlimani.

Kalunde akazinduka. Jua lilikuwa bado dirishani. Mama yake alikuwa ameupa ukuta kisogo, anatazama yale maji yasiyo na samaki.

"Mwanangu," akasema Bi Nyamizi, sauti ikikwaruza kama bawaba yenye kutu, "tafuta kifuniko. Anasema yeye huwa anaruka."