Mkono wa Kuagia

Mgeni wa mwisho aliteremka kwenye teksi ya Waly Ngom jua likiwa limeanza kupoa, akamwendea Nyimasata moja kwa moja na kumuuliza choo kiko wapi.

Nyimasata alimwonyesha kwa kidole. Enzi za mumewe Landing, mgeni hakufika chooni kirahisi hivyo. Landing angemshika mkono pale pale mlangoni, amuulize habari za huko atokako, za mama yake, za baba yake, za mvua ya kwao, mpaka mgeni aanze kubana miguu. Ndipo angecheka na kusema, "Haya, umejifunza la kwanza. Hapa hatuulizi kitu kabla ya kujuliana hali. Choo kile pale, kimbia."

Sasa Landing alikuwa amelala nyuma ya msikiti tangu mvua za mwaka uliopita. Nyumba yao ya wageni, vyumba vinne vya udongo kando ya kijito cha Bintang, ilikuwa imebaki na huyu mmoja tu, aliyeomba chumba kabla ya msiba. Binti yao Sainabou alishapata mtu wa kuikodi nyumba. Walikubaliana kwamba mama atampokea mgeni huyu, kisha teksi itakayomrudisha imchukue na yeye mpaka kwa Sainabou mjini Brikama, akakae na wajukuu. Nyimasata hakubisha. Mwenye maneno alikuwa mumewe. Kazi yake yeye ilikuwa wali.

"Mke wangu, umekonda," Waly alisema akishusha mkoba wa mgeni. "Nyinyi Wajola mnamaliza sufuria nzima na bado mnakonda. Huo wali unakwenda wapi?"

"Unaliwa na Waserer wanaojidai wamepita njia tu."

"Jamani, nimerithi mke mwenye mdomo!"

Waly alikuwa Mserer, na Waserer na Wajola ni watani tangu mababu: kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, na mke wa mwenzake humwita mke wake. Siku ya maziko ya Landing alijilaza chini mbele ya jeneza, akapiga kelele kwamba mtumwa wake haendi popote bila kumuaga bwana wake. Watu waliokuwa wakilia wakacheka na machozi yao usoni. Nyimasata hakuwahi kumshukuru kwa hilo, ila hakulisahau.

Mgeni aliitwa Marit, mwalimu wa huko Norwei. Jioni alimfuata Nyimasata jikoni.

"Rafiki yangu alifika hapa zamani," alisema. "Aliniambia nisisome kitu chochote kuhusu Gambia. Alisema nikae tu na mzee Landing, atanieleza yote."

"Mzee Landing amefariki."

Marit alishika mdomo. "Pole sana, mama. Sikujua." Kisha akauliza, "Sasa nani atanieleza?"

"Mimi ni mpishi," Nyimasata alisema, akaendelea kupepeta mchele.

Kesho yake Marit alirudi kutoka mashamba ya mpunga akiwa na tope kuanzia kifuani hadi usoni. Kamera yake ilikuwa ikidondosha maji.

"Wamenirushia!" alisema. "Nilikuwa nawapiga wale wanawake picha tu, wamenirushia tope!"

Nyimasata alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alipomaliza, alishangaa kusikia uwanja ulivyokuwa kimya kabla ya kicheko hicho. Akanyoosha mkono na kulitungua birika dogo la buluu kwenye msumari wa Landing.

Hakuwahi kupika chai ya mumewe. Lakini miaka yote alimtazama, na mkono wake ukajua wenyewe kuinua birika juu na kumimina kwa mbali hadi povu lijae kwenye bilauri. Landing alimimina mara tatu, na kila bilauri ilikuwa na maneno yake. Ya kwanza, chungu, ilihusu mwili. Ya pili ilihusu watu.

"Kunywa," alimwambia Marit. "Maji ya kisima chemsha. Saa za jua kali kaa ndani kama sisi. Maji ya kijito yakipwa usikanyage kwenye mikoko, chaza watakuchana miguu. Neti yako ina tundu, nitaishona."

Bilauri ya pili maneno yalikuja mengi kuliko alivyotegemea. "Wale wanawake uwaendee na Kasumai, salamu yetu, kwanza. Ung'oe nao miche, hata kidogo. Picha watadai wenyewe. Watu wakila wakakuita, kaa ule tonge, lakini ule mbele yako, usivuke upande wa mwenzako. Ule kwa mkono wa kulia. Kushoto humpi mtu kitu, ni tusi. Na lazima uwe na ukoo. Usipokuwa na ukoo, nani atakutania? Kuanzia leo wewe ni Marit Badjie, kama sisi."

"Badjie?" Waly aliingia bila kubisha hodi. "Basi nimepata mtumwa mwingine. Njoo uniinulie tairi!"

Marit alimtazama Nyimasata kwa hofu. Nyimasata akamnong'oneza. Marit akakohoa, akasema, "Nyamaza, wewe mwizi wa wali!"

Waly alijipiga mapaja kwa furaha. "Huyu kafundwa!"

"Na bilauri ya tatu?" Marit aliuliza. "Rafiki yangu alisema kuna neno la mwisho. Alikataa kuniambia."

Nyimasata alimwagia makaa maji. "Hiyo ni ya kuondoka," alisema, akaingia ndani.

Neno la mwisho halikuwa neno. Landing alikuwa akimuaga mgeni kwa mkono wa kushoto. "Nimekukosea makusudi," angesema. "Sasa lazima urudi, tulitengeneze kosa hilo kwa mkono wa kulia." Hivyo ndivyo walivyoagwa wote wanaokwenda mbali. Asubuhi ile Landing alipopelekwa hospitali Banjul, Nyimasata alimnyooshea wa kushoto dirishani mwa gari. Landing aliusukuma huku akicheka, akachukua wa kulia. "Banjul nayo ni safari? Ijumaa niko hapa. Niwekee ukoko."

Aliuweka. Ukakauka.

Siku ya kuondoka, Waly alifunga mizigo ya wote wawili juu ya teksi: mkoba wa Marit, sanduku la Nyimasata, mkeka, sufuria kubwa. Marit alimiminiwa bilauri ya tatu, tamu, akainywa amesimama. Nguo zake zilikuwa na madoa ya tope kwenye magoti, maana kila siku alikwenda shambani.

"Sasa niambie," alisema.

Nyimasata alitazama mkono wake wa kushoto. Ilikuwa rahisi kuunyoosha. Lakini kama anayeupokea anavyoahidi kurudi, anayeutoa ameahidi kuwapo, na nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Landing alikataa kuahidi bila kujua anakataa nini. Yeye alijua.

Akaunyoosha.

"Hili ni kosa," alisema, akiushika mkono wa Marit kwa nguvu. "Nimekukosea makusudi, Badjie. Utarudi tulitengeneze."

"Nitakukuta?" Marit aliuliza, macho yamejaa.

"Utanikuta."

Waly aliacha kukaza kamba. "Mke wangu. Utamtengenezea wapi na wewe unakwenda Brikama?"

"Nani anakwenda Brikama? Shusha vitu vyangu."

"Nimevifunga asubuhi nzima!"

"Basi vifungue asubuhi nzima."

"Na Sainabou nimwambie nini?"

"Mwambie mama yake ana mgeni."

"Mgeni gani? Si huyu anaondoka?"

"Huyo huyo."

Waly alishusha sanduku, mkeka, sufuria, akilalamika kwa kila kimoja. Kisha akanyoosha naye mkono wa kushoto, akijifanya kusikitika. Nyimasata aliupiga kibao.

"Wewe lete wa kulia. Kesho utakuwa hapa unanusa sufuria."

Teksi ilipopinda kona ya msikiti, alifungua kufuli, akaosha bilauri, akalirudisha birika kwenye msumari wake.