Ubao Chini ya Kiti cha Kushoto

Mwaka 1952 Gozbert Rutahiwa, karani wa forodha Kurasini, alinunua gari ambalo hakuna Mzungu aliyelitaka tena. Lilikuwa MG la viti viwili, la kijani, lililoundwa kabla ya vita kwa ajili ya mashindano. Mhandisi aliyelileta kwa meli alikuwa anarudi kwao, na la aina ile halikuwapo jingine mjini. Watu wa Temeke wakaliita Emuji.

Injini ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa bodi. Chini ya bati, bodi ya gari lile ilishikiliwa na fremu ya mbao, na mchwa walikuwa wameila kwa miaka mingi bila mtu kujua.

Gozbert alilipenda kiasi cha kumtia wasiwasi mkewe, Tekla. Kila Jumapili akitoka misani alivua koti, akajilaza chini ya gari mpaka adhuhuri. Kipuri kisichopatikana alikichongesha kwa mafundi wa Gerezani, akakipima kwa uzi, akakirudisha kikachongwe upya.

Siku moja ya mwezi Machi mkaguzi wa magari, Bwana Pratley, alimsimamisha barabara ya Pugu. Akavuta mlango, ukabaki mkononi mwake. Aliuangalia, akauweka chini taratibu.

"Siku kumi," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Bodi ikiwa imara, utapata leseni. Isipokuwa imara, halitembei tena." Akapanda pikipiki yake, kisha akageuka. "Hili si gari la karani."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkaa Gozbert moyoni kuliko zile siku kumi.

Akamwendea Albano, Mmakonde wa Newala aliyekuwa akichonga vinyago huko huko Temeke. Albano hakuwahi kugusa gari, lakini mti aliujua. Alibandua bati, akatoa mbao zilizooza kipande kwa kipande, akazipanga mchangani kama mifupa ya samaki. Kisha akachonga nyingine za mninga kwa kufuatisha zile za zamani. Siku ya nane milango ilikuwa inafunga vizuri, na Gozbert aliifungua na kuifunga mara nyingi mpaka Albano akamwambia aiache ipumzike.

Siku ya tisa alasiri Albano alimwita. Alikuwa ameinua kiti cha kushoto. Akachukua patasi, akaigusisha kwenye ubao mrefu uliobeba kiti kile. Patasi ikazama yote.

"Huu nao umekwisha," alisema. "Sikuuona mapema. Rangi ilikuwa imeficha."

"Ubadilishe leo."

"Mninga wa urefu huu sina, bwana karani. Nipe wiki mbili."

"Kesho asubuhi nakaguliwa."

"Najua."

Gozbert alitazama barabarani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Piga bati juu yake. Upake rangi. Tutaubadilisha baadaye."

Albano alianza kukusanya vyombo vyake. "Mtu mzima akikaa hapa na gari likaingia shimoni, anakwenda chini. Mie sifuniki hicho."

Hakubembelezwa. Alipoondoka, Gozbert alikata bati mwenyewe, akalipigilia kwa misumari midogo, akalipaka rangi nyeusi. Tekla alimuuliza mbona hali. Akamjibu kuwa hana njaa.

Asubuhi Bwana Pratley alizunguka gari mara mbili. Alitikisa milango, akabonyeza breki kwa mkono, akapiga bodi kwa kifundo cha kidole. Alipofika kiti cha kushoto aliinama, akaliona bati jeusi, akalipitishia kidole. Gozbert alihisi shati limemganda mgongoni.

"Kazi safi," alisema mkaguzi. "Endesha. Nataka kuona breki."

Akazunguka, akaketi kiti cha kushoto.

Alikuwa mtu mnene. Ubao ulitoa mlio mdogo, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Bwana Pratley hakuusikia, maana injini ilikuwa imeshawaka. Gozbert aliusikia.

Walishika barabara ya Pugu. Maili ishirini kwa saa. Gozbert alikwepa kila shimo.

"Ongeza."

Thelathini. Kiti cha jirani yake kilikuwa kimeinama kidogo upande mmoja. Chini ya ubao ule hapakuwa na kitu ila lami inayokimbia. Akawaza gereza. Akawaza kuzunguka na kurudi polepole, huenda ubao ungevumilia. Zilibaki dakika chache tu ukaguzi uishe.

"Arobaini. Nikisema simama, kanyaga breki yote."

Gozbert akaachia mafuta. Gari likapungua mwendo, likaenda pembeni, likasimama.

"Sijasema simama."

"Shuka, bwana," Gozbert alisema. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. "Ubao ulioukalia umeoza. Nimeuficha kwa bati, mimi mwenyewe. Fundi alikataa."

Bwana Pratley alishuka. Akatoa kisu cha mfukoni, akabandua bati, akachoma. Kisu kilipenya mpaka hewani upande wa pili.

"Ungeniua," alisema.

"Ndiyo, bwana."

Ile karatasi ya leseni, iliyokuwa tayari mfukoni mwake, aliichana vipande viwili. "Lirudishe kwa kusukuma. Ubao ukiwa mpya, njoo."

Gozbert alilisukuma mpaka Temeke, bega moja kwenye fremu ya kioo, mkono mmoja kwenye usukani, huku watu wakimcheka. Hakwenda kwake kwanza. Albano alipomwona na bati lililobanduliwa, aliuliza kitu kimoja tu.

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema."

Albano akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari iliyobaki.

Leseni ilipatikana mwezi Mei. Bwana Pratley alichoma kisu kila mahali, akatia sahihi, hakutaja ukarani wa mtu. Lakini Tekla hakupanda. Gozbert alikuwa amemsimulia yote usiku wa siku ile aliyolisukuma gari, naye alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika bakuli la maharage.

"Na kama mkaguzi angelipitisha," aliuliza, "Jumapili mie ningekaa wapi?"

Kwa miezi mitatu baada ya leseni wote wawili walikwenda misani kwa miguu, gari likibaki uani limefunikwa turubai, na Gozbert hakuthubutu kumwomba apande.